Nafasi ya kumi na sita: nani hasa anaitwa mcheza gemu?

BintiMwaloni (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Nina jambo limenikaa kifuani tangu mbalamwezi iliyopita. Mtaani kila ninayemweleza ananiambia "achana nao", ndiyo maana nimelileta hapa.

Kwa wasioujua mji wetu wa Mwanza: huku Kirumba, jirani na soko la Mwaloni, kibanda cha gemu kinajaa kwa kufuata mwezi. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza kwa sababu dagaa hufuata taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haifui dafu. Mbalamwezi ikifika mitumbwi inalala, vijana wanashuka na hela mfukoni, kibandani hakuna pa kukanyaga. Siku hizo ndizo mwenye kibanda huzichagua kuweka mashindano.

Safari hii ilikuwa FIFA, gemu ya mpira, kwenye mashine ya PS4 (PlayStation), kiingilio sh 3,000, mtindo wa mtoano. Mimi nina banda la wakala wa pesa hatua kama ishirini kutoka pale. Nikafunga mapema, nikaenda na 3,000 yangu mkononi, noti ya elfu mbili na ya elfu moja. Mwandaaji alinipokea vizuri sana, akanivutia kiti. Akasema, "Afadhali umekuja dada. Wewe ni mtu wa hela, tutunzie hizi, na utuandikie nani anakutana na nani."

Nikatunza. Nikaandika majina kwenye daftari langu la miamala, ukurasa wa nyuma. Walikuwa 15.

Hapo ndipo penye shida yangu. Mtoano wa aina ile unataka watu 16 ili kila mmoja apate mpinzani. Nikamwambia mwandaaji, "Imebaki nafasi moja, na hela yangu hii hapa." Akatabasamu, wala si kwa ubaya, akasema, "Aah dada, huyu mmoja atapita tu." Na kweli, mvuvi mmoja kutoka Igombe akavuka raundi ya kwanza bila kugusa pedi ya kuchezea, huku mtu wa kumi na sita nimekaa mita moja kutoka kwake nimeshika kalamu. Mwisho nikahesabu 45,000: mshindi 30,000, wa pili 10,000, umeme 5,000. Nikakabidhi. Nikarudi nyumbani na 3,000 yangu.

Hakuna aliyenitukana, wakuu. Walinipa kiti, wakanipa soda, wakaniamini na hela zao. Wangenitukana ningejua pa kuanzia.

Sasa niwaeleze mimi ni nani kwenye gemu. Mama anauza dagaa Mwaloni tangu sijazaliwa. Kaka yangu alipomaliza darasa la saba, mjomba alimweka asimamie kibanda chake: TV mbili za kichogo, PS2 mbili, na diski ya Winning Eleven, gemu nyingine ya mpira, iliyokwaruzika mpaka ikawa inafutwa kwa pindo la kanga kila asubuhi. Mimi nilikuwa na miaka tisa, kazi yangu ni kumpelekea chakula cha mchana. Kaka akipokea sahani anakaa kizingitini, na mimi nashika pedi yake mpaka amalize kula.

Hayo ndiyo yalikuwa mazoezi yangu: muda wa kaka kula ugali. Siku ya dagaa nilikuwa simalizi hata mechi moja, dagaa hawana cha kumchelewesha mtu. Siku ya ningu, yule samaki mwenye miiba, nilipata mechi mbili nzima. Nikawa namng'ang'ania mama anunue ningu, na mama mpaka leo anaamini mwanawe wa kike alikuwa anampenda ningu kuliko sato.

Kwa mechi hizo mbilimbili nikajua kitufe cha mraba ni shuti na cha R1 ni mbio. Nikajua kwamba ukiing'ang'ania eksi wakati wa kukaba, beki wako anatoka kwenye nafasi yake na nyuma kunabaki uwanja mtupu. Wengi wa pale hawakulijua hilo. Walikuwa wanakandamiza tu.

Nilipofika miaka 13, siku moja niliingia wamejaa. Nikanyoosha mkono kama kawaida, nikasema, "Nipe pedi." Kibanda kizima kikalipuka kwa kicheko. Mnajua neno hilo linavyogeuka likitoka kwa msichana wa umri ule mbele ya wavulana. Mmoja akaniambia niende duka la dawa. Kaka hakucheka, lakini hakusema kitu pia, na simlaumu, alikuwa na miaka 18 na pale ndipo alipokuwa anapata riziki. Nikasubiri sahani nikaondoka nayo. Tangu kesho yake chakula kikawa kinapelekwa na mdogo wetu wa kiume. Leo huyo mdogo wetu Kirumba nzima inamjua kwa gemu. Mbalamwezi ile alikuwa namba nne kwenye daftari langu.

Asubuhi ya pili nilimfuata mwandaaji nikamuuliza kwa heshima kwa nini. Akanipa sababu tatu. Kwanza, "hatujawahi kukuona ukicheza hapa." Pili, "wewe unacheza za simu, na za simu si gemu." Tatu, "vijana hawatakuwa huru ukiwa katikati yao."

Hiyo ya tatu sitaki kuikalia sana. Uhuru anaousema ni wa kutukana mtu akifungwa, na matusi yale nayasikia kila siku nikiwa ndani ya banda langu. Ya pili nitaijibu mtu akiileta. Ila ya kwanza ndiyo imeninyima usingizi, maana ni kweli: hawajaniona. Sikuonekana kwa sababu sikukalishwa kwenye benchi, na sasa sikalishwi kwenye benchi kwa sababu sijaonekana.

Mdogo wangu alikuwa akitoka shule anatupa begi anakwenda. Mimi nilikuwa nikitoka shule nachukua ndoo. Halafu watu wazima wanakaa wanasema wasichana hawana mkono wa gemu. Mkono hakuna aliyezaliwa nao. Mkono ni saa ulizokaa, na saa hizo kuna mtu alikuachia ukae.

Basi nauliza: mcheza gemu ni nani? Mwenye mashine? Anayeshinda? Anayeshinda njaa kibandani kila siku hata kama kazi yake ni kufungwa? Mama anayepanga pipi kwenye simu ndani ya daladala la Nyegezi, yeye yumo au hayumo? Na anayekijua kila kitufe lakini hakuna anayempokeza pedi, tumwite nani?

Naomba kuwasilisha.

---

MtuWaKona

Pole dada. Ila nitasema ninachokiamini.

Simu na pedi ni vitu viwili. Kwenye simu unasugua kioo, pasi inajitafutia mtu. Pedi ina uzito wake, unaisikia mkononi. Mtu akiniambia ni mcheza gemu na anacheza kwenye simu, namwona kama anayesema anajua kuendesha kwa sababu kila siku anapanda daladala.

Nafasi ya 16 lakini, hapo mwandaaji siwezi kumtetea. Hela ilikuwepo na kiti kilikuwepo.

---

BintiMwaloni

Asante kaka kwa kusema wazi.

Nikujibu la simu. Pale kwenye banda nina simu mbili: kitochi cha kazi, na simu ya tachi ambayo ni yangu. Wateja wakipungua, saa nane hivi jua likiwa kali, nafungua eFootball. Hiyo ndiyo ileile Winning Eleven ya Konami iliyobadilishwa jina mwaka 2021, na ni ya bure. PS4 siwezi kununua. TV ya kuichezea nyumbani sina. Simu ninayo, na bando la usiku nalimudu. Ukisema wa simu hayumo, umeshamtoa kila asiye na hela ya mashine, na kila asiyeruhusiwa kuingia kibandani. Mimi niko kwenye makundi yote mawili.

Halafu ni kweli simu inasaidia pasi. Haikusaidii kujua mpinzani anapenda kupita upande gani. Hilo nililisoma nikiwa na sahani ya ugali mkononi, na halijabadilika.

Na kuna hili: mimi nilijifunza kwa pedi kabla ya simu. Tatizo langu kwenye FIFA ni moja, mkono wangu bado ni wa Winning Eleven. Kule mraba ni shuti, huku mraba ni krosi na shuti ni duara. Huenda ningefika mbele ya goli nikapiga krosi ikatoka nje, watu wakazomea, nikafungwa tano nikarudi nyumbani. Ningefurahi. Ningekuwa nimecheza.

---

FundiMakoroboi

Dada, nimesoma uzi wako mara mbili huku nimeshika chuma cha kulehemu, nusura nichome meza.

Mimi natengeneza PS na pedi hapa Makoroboi. Kazi inayokuja zaidi ni analogi iliyochoka, ile ya kumwelekeza mchezaji: ndani yake kuna kijiti kinachosuguana na utepe wa kaboni, utepe ukilika mchezaji anaanza kutembea peke yake uwanjani hata hujamgusa. Pedi za vibandani zinafika kwangu na jasho, vumbi na mafuta ya chipsi. Ukiifungua pedi unajua aliyeishika ana vidole gani. Anayekimbia muda wote amemaliza R2. Anayependa krosi amemaliza mraba. Sijawahi kufungua pedi ikaniambia kama aliyeishika ni mwanamke au mwanamume.

Nikupe kisa. Mwaka juzi alikuja kaka mmoja mvuvi wa sangara. Kamba ya wavu ilimviringika mkononi injini ikivuta, ikamtoa vidole viwili vya kulia, cha shahada na cha kati. Kabla ya hapo alikuwa kinara wa kibanda cha kwao. Aliporudi kutoka hospitali wenzake walimpokea kwa upendo kabisa. Wakampa kiti cha mbele, wakampa na kazi: kupiga muziki na kuwa refa wa zamu. Aliniambia, "Fundi, wananiita mwamuzi. Mimi si mwamuzi."

Umeona dada? Na wewe walikupa daftari.

Kwenye PS4 kuna sehemu ndani ya mipangilio inayokuruhusu kubadilisha kila kitufe kifanye kazi ya kingine. Watu wengi hawajawahi kuifungua. Tukahamisha mbio kutoka R2 kwenda upande wa kushoto, na kubadilisha mchezaji tukakuleta mahali kidole gumba kinapofika. Pedi yenyewe nikaiongezea kipande cha mpira wa tairi la baiskeli mgongoni ili isimponyoke. Microsoft walitoa mwaka 2018 kifaa cha watu wenye ulemavu, kibao chenye vitufe viwili vikubwa kama visosi na matundu ya kuchomekea vitufe vingine, na Sony nao wakatoa chao mwaka 2023. Hapa kwangu sijaletewa hata kimoja. Mpira wa tairi upo.

Mechi yake ya kwanza alifungwa 4-0. Ya pili 3-0. Niliambiwa hakukuwa na mtu mwenye furaha Mwanza nzima kama yeye usiku ule.

Kwa hiyo mimi jibu langu ni fupi: anayetaka pedi, apewe pedi. Hayo mengine mtayajua mchezo ukianza.

---

MwanafunziMalimbe

Nachangia kidogo, maana watu wanazungumza kana kwamba gemu zilishushwa mbinguni zikiwa za wanaume.

Gemu ya Centipede ya kampuni ya Atari, mwaka 1981, mmoja wa walioitengeneza ni mwanamke, Dona Bailey. River Raid ya 1982 aliiandika Carol Shaw. Aliyebuni Pac-Man mwaka 1980, Toru Iwatani wa Japani, alikuwa anatafuta gemu ambayo wanawake nao wataifurahia, ndiyo maana akaweka kitu kinachokula badala ya bunduki. Kisha soko la gemu la Marekani likaanguka mwaka 1983. Biashara ilipofufuka, gemu zikauzwa kama toi, na duka la toi lina upande wa wavulana na upande wa wasichana. Zikawekwa kwa wavulana. Mwaka 1989 Nintendo wakatoa mashine ya mkononi na jina lake likawa Game Boy. Msichana akiishika, amebeba jina la mvulana mkononi.

Hata FIFA yetu hii. Timu za wanawake ziliingia kwa mara ya kwanza kwenye FIFA 16, mwaka 2015, timu za taifa 12. Ya Afrika haikuwemo hata moja.

Na kisa cha BintiMwaloni si cha Kirumba peke yake. Mwaka 2019 dada wa Kichina, Li Xiaomeng, alichukua ubingwa wa dunia wa Hearthstone, gemu ya karata ya kwenye kompyuta, kule Marekani. Akiwa jukwaani akasimulia kwamba miaka ya nyuma, akiwa kwenye foleni ya kujiandikisha mashindano, kijana mmoja alimwambia kama ni msichana asipange foleni pale. Yeye aliambiwa atoke kwenye foleni. Wewe dada walikufanya uisimamie.

---

MwenyeBenchi

Naomba na upande wetu usikike, maana sisi wenye vibanda tunasemwa tu.

Nina kibanda Buzuruga, TV nne. Mnajua mzazi akisikia "gemu" anafikiria nini? Anafikiria dubwi. Mashine zile za kutumbukiza sarafu ni michezo ya kubahatisha, zina sheria yake ya mwaka 2003 na zina bodi yake, na mtoto chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa. Mimi nina mpira wa kwenye TV, lakini kwa mzazi na kwa mgambo yote ni gemu. Na nikiri, sisi wenyewe tumechangia. Utaratibu wetu wa aliyefungwa analipa hauna ubaya, lakini vijana wakisimama nyuma ya benchi wanawekeana dau pembeni, na hapo mzazi akisema ni kamari sina la kumjibu. Nimeanza kuwatoa wanaofanya hivyo, na wateja wengine nimewapoteza.

Sasa binti akiingia ndiyo shida inakuwa mara mbili. Kuna mwaka baba mmoja alinijia juu mbele ya watu kwamba nawaharibia mabinti. Binti yake alikuwa amekaa na kaka zake, anacheza, mchana kweupe, mlango wazi. Nikaogopa. Tangu siku ile msichana akisimama mlangoni namwambia "mama, nenda nyumbani." Sijawahi kumwambia kwa ukali. Nilikuwa najiona namlinda.

Dada, niliposoma ile habari ya kaka yako na ningu nikakaa kimya muda. Mimi huyo binti mdogo nimemfukuza. Si mara moja.

Sijui nifanyeje bila kugombana na wazazi. Hilo ni swali langu kwako, si utetezi.

---

MamaNansio

Hamjambo wanangu.

Mimi nina miaka 58, nafanya biashara ya nguo kati ya Mwanza na Ukerewe. Kwenye meli saa zile tatu na zaidi watu hulala, mimi nacheza. Nilianza na nyoka wa Nokia ya 3310. Mume wangu alinunua simu ile kwa ajili ya biashara, mimi nikawa namtia nyoka kwenye kona usiku mpaka betri inaisha, asubuhi namwambia simu hii betri yake mbovu. Leo napanga pipi, zile za Candy Crush. Nimefika hatua ya elfu mbili na mia nne na kidogo, na sijawahi kulipia hata shilingi.

Binti yangu umeuliza kama mama wa daladala yumo. Huyo ni mimi, ila wa melini. Sijawahi kujiita jina lolote. Nikiulizwa nafanya nini nasema "naangalia saa". Naona aibu. Mjukuu wangu wa kiume anacheza gemu hiyohiyo na anasema kwa sauti kubwa, "Bibi niko hatua ya mia tatu," watu wanampongeza.

Baba yangu kule Magu alikuwa akicheza isolo, bao la Kisukuma, chini ya mwembe kutoka jua la saa tisa mpaka ng'ombe wanarudi. Sisi wasichana tulikuwa tunaokota mbegu zinazodondoka na kumrudishia. Nilikuwa nakijua kila anachotaka kufanya, mbegu zitaishia shimo gani, kabla hajanyanyua mkono. Hakuniuliza hata siku moja. Baba yangu alikuwa mtu mwema sana, na alinipenda. Isolo sijawahi kuicheza mpaka leo.

Cheza mwanangu.

---

BintiMwaloni

Shikamoo mama. Nimelia hapa bandani, mteja akadhani hela zimekosewa. Wabeja sana. Ukishuka Mwanza nitafute Kirumba, hatua ya elfu mbili na mia nne mimi sijawahi kuiona kwa macho, nataka unionyeshe. Na tafadhali usiseme tena unaangalia saa.

Fundi, ile ya mwamuzi imenifungua. Nilikuwa natafuta neno la nilichofanyiwa na sikulipata. Ni hilo. Unapewa kazi nzuri pembeni ya mchezo, na ukiikataa unaonekana huna shukrani.

Mwanafunzi, asante. Ile ya Game Boy nimemsomea mdogo wangu. Amenyamaza, kisha akaniambia kitu ambacho hajawahi kuniambia: siku ile ya kicheko alikuwa nje ya kibanda, alisikia, na alipotumwa na sahani kesho yake alijua kwa nini. Alikuwa na miaka minane. Jana usiku ameniletea mashine na pedi nyumbani tukaunganisha kwenye TV ya jirani, akanikalisha, tukacheza mechi sita. Nimefungwa tano. Krosi zangu za bahati mbaya hazihesabiki. Ya sita nilimsubiri aende kulia kama anavyoenda siku zote, nikamwacha beki wangu atulie bila kukandamiza kitu, nikauchukua mpira, pasi mbili, duara. Moja bila. Alisimama akazunguka chumba kizima, jirani akatugongea ukuta.

Kaka wa Buzuruga, wewe ndiye nataka kukujibu kwa kirefu, kwa sababu umeuliza swali la kweli.

Wazazi waogope giza, wasiogope gemu. Kibanda chako kina pazia jeusi mlangoni? Litoe. Chetu kinalo, eti TV ionekane vizuri, na mama yangu miaka yote ile alikuwa anaogopa lile pazia kuliko kitu kingine chochote. Geuza TV, acha mlango wazi, mzazi anayepita njiani aone kinachochezwa. La pili, wale wa dau umeshaanza kuwatoa, endelea. La tatu, asubuhi ya Jumamosi najua kibanda chako kitupu, vibanda vyote ni vitupu saa hizo. Nipe TV moja, kuanzia saa tatu mpaka saa sita. Nitakaa mimi mwenyewe, mtu mzima mwenye banda linalojulikana na namba ya simu ukutani. Mzazi mwenye neno aje kwangu.

---

MwenyeBenchi

Pazia lipo. Nalitoa leo.

Jumamosi hii saa tatu njoo, TV ya ukutani, ndiyo yenye pedi nzima mbili. Hutalipa. Niandike nini mlangoni, "Siku ya akina dada"?

---

BintiMwaloni

Hapana kaka, usiandike hivyo. Ukiandika hivyo, Jumapili wataniambia siku yangu ilikuwa jana. Andika "Gemu, saa tatu asubuhi", na atakayekuja akae kwenye benchi. Mvulana akija naye akae.

Nakuja na wasichana wawili wa jirani, mmoja ana miaka 11, na mdogo wangu anakuja kufundisha vitufe. Fundi, kama una pedi ya PS4 ya mtumba yenye analogi nzuri, niwekee, nitapitia Ijumaa baada ya kufunga banda. 3,000 ile bado ninayo, haijatumika. Ya pedi nitaiongezea. Ya mashindano nitatafuta nyingine kabla mwezi haujawa mkubwa tena, na daftari safari hii nitamwachia mwandaaji mwenyewe.